Safari ya Kwanza ya Kurina Asali

Mwezi wa Juni mvua huwa zimekwisha. Katika misitu ya miombo ya Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, nyuki wamekwisha kujaza mizinga. Ndipo warina asali hufunga mizigo kwenye baiskeli na kuingia porini. Hawarudi siku hiyo. Hukaa huko siku tano, siku kumi, na wengine zaidi.

Labda mwaka huu na wewe utakwenda kwa mara ya kwanza. Je, umejiandaa?

Sikonge iko kusini mwa mji wa Tabora, mwendo wa kilometa 70 hivi. Barabara ya kwenda Mpanda hupita Sikonge, Ipole na Inyonga. Ukiacha barabara hiyo na kushika vijia vya baiskeli, unaingia katika miti mitupu: mitundu, miuba na mininga. Ni pori zuri, lenye kivuli chepesi. Lakini mti huu ni kama ule, na mlima wa kukuonyesha upande huuoni. Mgeni hutoka kambini hatua mia mbili kutafuta kuni, akageuka mara mbili, na kambi asiione tena. Kwa hiyo usiende peke yako. Nenda na mtu anayelijua pori hilo, naye awe kiongozi wenu.

Kabla ya kufunga mzigo, uliza jambo moja. Msitu huu ni wa nani? Uko msitu wa kijiji, na iko misitu ya hifadhi ya Serikali. Kuingia na kurina katika msitu wa hifadhi kunahitaji kibali. Bwana Nyuki wa wilaya atakueleza kibali hicho hutolewa wapi. Mambo haya hubadilika. Ugalla, kwa mfano, ilikuwa Pori la Akiba kwa miaka mingi, na warina asali walikuwa wakiingia kwa kibali. Mwaka 2019 ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Katika Hifadhi ya Taifa hairuhusiwi kuvuna asali. Kijia alichopita babu yako bado kipo, na huenda hata mti aliotundikia mzinga bado umesimama. Lakini askari wa hifadhi akikukuta hapo hatakuuliza habari za babu. Utapoteza asali, baiskeli, na labda uhuru wako.

Sasa tuzungumze juu ya maji. Hapa ndipo wageni wengi hukosea hesabu.

Mtu anayetembea na kufanya kazi porini anahitaji lita 4 hivi kwa siku, za kunywa na kupikia. Mko watu watatu, na mtakaa siku tano. Zidisha: 4 mara 3 ni 12, na 12 mara 5 ni 60. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Dumu moja la maji lina uzito wa kilo 20. Nani atabeba madumu hayo pamoja na unga, blanketi na ndoo za asali? Haiwezekani. Basi ni lazima kambi iwe karibu na maji. Vijito vingi vya huko hukauka kiangazi. Muulize mtu aliyetoka huko juma hili. Yule aliyekwenda mwaka jana anakumbuka maji ya mwaka jana.

Hata hivyo msilale ukingoni mwa kidimbwi. Wanyama huja kunywa usiku, na nyinyi mko njiani kwao. Sogeeni mbali kidogo, mkachote mchana. Yachemsheni maji kabla ya kunywa. Na dumu lililowahi kutiwa dawa ya tumbaku lisichukue maji wala asali, hata likioshwa mara kumi.

Chakula ni rahisi zaidi. Chukua unga, dagaa, karanga na chumvi. Matobolwa ni rafiki mkubwa wa msafiri, maana viazi hivyo vimekwisha kupikwa na kukaushwa, unatafuna tu. Maharage yaache nyumbani. Yanakula maji na kuni nyingi mno. Usisahau blanketi zito, kwa sababu usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kali. Chukua chandarua pia, na viraka na pampu ya baiskeli.

Nguo ziwe za mikono mirefu, za rangi ya udongo. Mbung'o hupenda sana rangi nyeusi na buluu. Mbung'o huweza kuleta malale. Ukipata homa na kuumwa kichwa baada ya kurudi, mwambie mganga wa zahanati kwamba ulikuwa porini. Usiponena hatajua.

Asali hurinwa jioni au usiku, wakati nyuki wametulia. Chagua masega yaliyofunikwa na nta. Yasiyofunikwa yana maji mengi, na asali yake huchacha. Masega yenye majana yaache, ndiyo nyuki wa kesho. Nyuki akikuuma, utoe mwiba upesi na kusogea mbali, maana harufu yake huwaita wenzake. Mtu akivimba uso au akishindwa kupumua, acheni kazi, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Moto nao utazamwe. Nyasi ni kavu, na mwenge uliotupwa chini unaweza kuteketeza mizinga ya watu kumi. Fyekeni majani kuzunguka kambi. Mkiondoka, hakikisheni majivu yamepoa kabisa. Afadhali kutumia bomba la moshi kuliko mwenge.

Mtakaporudi, kumbuka kwamba asali ni nzito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 ina kilo 28 hivi. Ndoo mbili zinatosha baiskeli moja.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Simu hazishiki sehemu nyingi za pori. Lakini sasa unajua kuandika. Chukua karatasi, uandike majina ya wote mnaokwenda, mahali pa kambi, kijia mtakachopita, na siku ya kurudi. Mstari wa chini andika siku ya kuanza kuwatafuta, ikiwa hamjaonekana. Karatasi moja mpe mwenzako anayebaki nyumbani. Nyingine mpelekee Mtendaji wa Kijiji kabla hamjaondoka.