Gesi Haiishi, Inavuja: Tulivyotengeneza Kiyoyozi cha Gari la Baba



Leo sina singo wala biriani. Leo tuzungumze kiyoyozi cha gari. Najua kuna walioshakunja uso: "Hayo si mambo ya wanaume?" Lakini nani anayekaa ndani ya gari na buibui, ushungi na soksi, mtoto mapajani, saa nane mchana na kaskazi imepamba moto? Ni sisi. Na biharusi akitoka saluni na piko yake, uso umepambwa kwa saa tatu, akaingizwa kwenye gari lenye joto la tanuri, kila kitu kinateremka shingoni kabla hajafika ukumbini. Kwa hiyo tukae kitako.

Gari letu ni dogo la fowili, la Kijapani, la mwaka 1998. Alilinunua baba, Allah amrehemu, kwa sababu ya njia ya shamba kwetu ambayo wakati wa masika hugeuka mto. Kaka zangu walishataka kuliuza mara mbili na mama akakataa, maana ndilo linalompeleka kliniki. Mama ana presha na pumu. Vioo vikifunguliwa, vumbi linamkaba. Vikifungwa bila ubaridi, anaishiwa nguvu njiani. Kwetu kiyoyozi si anasa.

Miezi miwili kabla ya harusi ya mdogo wangu, ubaridi ukakata. Kaka akalipeleka gereji, likajazwa gesi, likapoa wiki mbili. Likajazwa tena, likapoa siku kumi. Kila safari shilingi 70,000. Mara ya tatu akaambiwa kompresa imekufa, inatakiwa nyengine, na bei iliyotajwa ilikuwa zaidi ya shilingi 600,000. Jioni ile tumekaa uani tunahesabu gharama za shughuli, mdogo wangu akasema, "Chukueni katika mahari yangu."

Sote tukanyamaza. Mnajua kuwa mahari ni haki ya mke mwenyewe. Suratun Nisaa aya ya 4 imelieleza hilo wazi, na imeeleza pia kuwa akitoa sehemu yake kwa ridhaa ya nafsi yake, ni halali kuipokea. Kisheria hakukuwa na tatizo. Lakini mama alisema ridhaa ya mtoto anayemwona mama yake anahema si sawa na ridhaa ya mtu aliyetulia. "Hajafika hata kwa mumewe, mahari ishaingia gerejini? Hapana. Mimi nitapanda daladala." Na mama kupanda daladala na pumu ile, sote tulijua maana yake.

Niliomba nipewe wiki moja. Usiku nikampigia mjomba yuko Maskati, ambaye miaka yote kazi yake ni viyoyozi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Friji yenu ya jikoni ina miaka mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Mmeijaza gesi mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Basi umeshajijibu. Gesi si petroli, haichomwi. Inazunguka tu humo humo. Ikipungua, inavuja. Mtu anayekujazia bila kutafuta panapovuja, anakuuzia wiki mbili za baridi."

Akaongeza kuwa gari si sawasawa na friji. Lina mipira na viungo vinavyotikisika, na baada ya miaka mingi huweza kupoteza kidogo kidogo. Lakini wiki mbili? Hiyo ni tundu.

Kiyoyozi kinafanyaje kazi

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Kompresa inaikandamiza gesi, inakuwa ya moto sana. Inapita kwenye kondensa, ule wavu wa vibomba ulio mbele kabisa, kabla ya rejeta. Pale upepo unaipoza mpaka inageuka maji. Kisha inapita kwenye kichujio kinachonyonya unyevu, inafika kwenye vali yenye tundu jembamba, na ikitoka hapo inapanuka ghafla ndani ya evapureta iliyo nyuma ya dashibodi. Ikipanuka inachukua joto la ndani ya gari. Upepo wa feni ukipita hapo, unatufikia wa baridi. Yale maji yanayodondoka chini ya gari likiwa limesimama ni unyevu wa hewa tu, si ugonjwa.

Sasa lililo muhimu: ndani ya mfumo kuna swichi inayopima mgandamizo. Gesi ikipungua sana, swichi inaizuia kompresa isifanye kazi, ili isijiue kwa kukosa mafuta, kwa sababu mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Kwa hiyo kompresa iliyonyamaza si lazima iwe imekufa. Huenda imezuiwa.

Nilichokagua mwenyewe

Kwanza mavazi. Usikaribie injini inayozunguka na buibui linalopepea au ncha za mtandio zinazoning'inia. Mkanda ukishika nguo, hauachi. Hata injini ikiwa imezimwa, feni ya umeme kwenye baadhi ya magari huweza kuanza yenyewe. Mimi nilivaa suruali na kanzu fupi, hijabu nikaifunga nyuma na kuichomeka ndani, na lango la ua likafungwa.

Nikawasha gari, nikawasha kiyoyozi, nikasikiliza. Kompresa ikishika, unasikia "tak!" na kile kisahani cha mbele ya puli kinaanza kuzunguka. Yetu ilishika, sekunde chache ikaachia, ikashika tena, ikaachia. Mjomba akiangalia kwenye simu akacheka: "Maiti hapigi hodi. Hiyo iko hai, inalia njaa ya gesi." Kama isingeshika kabisa, ningeangalia fyuzi kwanza, kisha relei, mara nyingi kuna nyengine ya aina ile ile kwenye kisanduku, kama ya honi, unaweza kuzibadilisha kwa muda ukajua.

Pili, feni ya mbele. Yetu ilizunguka vizuri. Ingekuwa imekufa, gari lingepoa likitembea na kupata joto likisimama kwenye foleni.

Tatu, nikazima gari, nikachukua tochi na kutafuta mafuta. Kwa sababu mafuta husafiri na gesi, pale gesi inapotokea hubaki unyevunyevu unaoshika vumbi. Nikafuata mabomba kiungo kwa kiungo. Kwenye kona ya chini ya kondensa nikakuta doa jeusi la utelezi, na vibati vya alumini pembeni yake vimeoza na kuwa unga mweupe. Chumvi ya bahari, mashoga zangu. Ile hewa tunayoisifu ufukweni ndiyo inayokula magari yetu. Nikakoroga sabuni ya maji, nikapaka kwa brashi, nikasubiri. Vipovu vidogo vikaanza kutoka, kimoja kimoja. Nilimwita mama aje aone. Akasema "SubhanAllah, shilingi 140,000 zimetokea hapa."

Fundi alipokuja

Hapo ndipo mkono wangu ulipokoma. Kufungua mabomba ya gesi si kazi ya kujaribu. Ikirukia ngozi au jicho inagandisha na kuunguza. Tena gesi ya R134a iliyo kwenye magari mengi ya umri huu haifai kuachiwa hewani. Ilikuja kuchukua nafasi ya R12 iliyokuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na iliyoanza kuondolewa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya hewa ya ukaa.

Tukamwita fundi mwenye geji, mzani na pampu ya kuvuta hewa, aje nyumbani. Kaka alikuwepo, mama na shangazi wamekaa barazani. Hakukuwa na faragha yoyote. Mwanzo kila nilichouliza, fundi alimjibu kaka. Nikamwonyesha doa. Akainama, akaangalia, akamuuliza kaka, "Nani kaliona hili?" Kaka akasema, "Dada." Tangu hapo alizungumza na mimi, kwa heshima zote.

Kondensa mpya, si orijino, ilipatikana Dar es Salaam ikaja kwa boti. Fundi aliivuta gesi iliyobaki kwenye mtungi wake, akafunga kondensa, akabadilisha kichujio na zile raba za duara kwenye viungo. Raba hizo ni za kiyoyozi maalumu, usikubali za bomba la maji. Kisha akaunganisha pampu na kuvuta hewa yote kwa dakika 40, akaifunga na kuacha geji tukiitazama kama haisogei. Hatua hii wengi huiruka. Hewa na unyevu vikibaki ndani, maji yanaweza kuganda kwenye vali, na yakichanganyika na mafuta na gesi yanatengeneza asidi inayokula mfumo. Mwisho akajaza gesi kwa kupima gramu kwenye mzani, kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kuzidisha hakuongezi baridi, kunapunguza.

Nje nyuzi 32. Nikaweka kipimajoto changu cha jikoni kwenye tundu la dashibodi: nyuzi 11. Gharama yote shilingi 330,000, mimi na kaka tukagawana. Kompresa "iliyokufa" ndiyo ile ile inayofanya kazi mpaka leo. Mahari hayakuguswa, mdogo wangu amenunulia cherehani, na sasa anashona magauni ya wenzake.

Kwenu nyinyi

Ukimpeleka fundi gari, muulize mambo matatu: Panavuja wapi? Utavuta hewa kwa muda gani? Utajaza gramu ngapi? Huna haja ya kugombana wala kupandisha sauti. Anayejua kazi atafurahi kukujibu. Ukiambiwa utiwe gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, kataa; inashika moto, nawe umo ndani na watoto. Na usidanganyike na dawa za kuziba matundu, maana huweza kuziba na pasipotakiwa.

Kujua kitu chako si kushindana na wanaume. Mali ni amana na tumekatazwa israfu, na mtu hawezi kuilinda amana asiyoijua hata kidogo.

Usiku wa hina, somo alipomaliza nasaha zake, mama naye aliombwa aseme neno. Hakuwa na mengi: "Mwanangu, ndoa ikipungua ubaridi, usikimbilie kujaza tu, leo zawadi, kesho safari. Kaeni na mumeo mtafute panapovuja. Mkipaona mapema, ni padogo." Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikajua anamwambia kila mmoja wetu mle chumbani.

Allah awape maharusi wetu baraka na utulivu, awaponye mama zetu, na awarehemu waliotuachia vitu vya kuvitunza. Aamin.