Safari ya Meli na Vyombo vya Umeme

Zamani msafiri wa bahari alifunga kikapu cha chakula, akakunja mkeka wake, akatia mswaki mfukoni, akenda zake. Leo msafiri huyo huyo, hata akiwa na umri wa kuitwa babu, haondoki nyumbani ila ana simu mbili na chaja zake, pasi ndogo, birika la umeme, na juu ya hayo yote ule waya mrefu wenye matundu manne au sita ambao sote twauita ekstensheni. Hili la mwisho ndilo tulilokusudia khasa kulieleza, kwa kuwa tumeona watu wema wenye akili zao wakigombana na wakaguzi wa bandari kwa ajili yake, kisha wakaondoka wakiamini kuwa wamedhulumiwa.

Mwezi wa Januari 2025 tulikuwa Dubai kuwazuru jamaa zetu, nao wakatukaribisha katika safari ya siku chache ndani ya meli ya matembezi, kupita Ghuba hadi Khasab ya Omani, na Doha, na Abu Dhabi. Tulikuwa watu wanne katika vyumba viwili, na mkubwa wetu alikuwa ami yetu, mwenye umri wa miaka 70 na ushei. Meli yetu ilifunga katika Bandari ya Rashid, mahali pale pale ilipo Queen Elizabeth 2, meli ya Kiingereza iliyoteremshwa majini mwaka 1967, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa hoteli na haiendi popote. Ami alisimama akaitazama kitambo kirefu. Alisema meli za siku hizi zafanana na majumba ya ghorofa yaliyosukumwa baharini, na sisi hatuna la kumpinga.

Mizigo ya abiria hupitishwa katika mashine ya kuonea yaliyomo ndani, kama ile ya uwanja wa ndege. Mbele yetu palikuwa na mama mmoja na wanawe watatu. Kijana wa ukaguzi akafungua sanduku lake, akatoa ekstensheni mpya, ya bei, yenye taa nyekundu na maandishi ya kwamba yavilinda vyombo na umeme unaopanda kwa ghafla. Mama akamwambia, "Mwanangu, hii ni ya usalama, nimeinunua kwa ajili ya usalama." Kijana akamjibu kwa adabu kwamba ndiyo sababu haiwezi kuingia. Akamwandikia karatasi, na ekstensheni ikawekwa mezani pamoja na pasi na mabirika ya watu wengine, hadi siku ya kushuka. Yule mama hakufahamu, wala si ajabu, maana kijana mwenyewe hakuwa na la kumweleza zaidi ya kwamba hiyo ndiyo amri.

Basi na tuieleze sisi, kwani amri isiyofahamika sababu yake huvunjwa upesi.

Umeme wa nyumbani huja kwa nyaya mbili. Mmoja ni wa moto; wa pili mafundi huuita nyutro, nao umefungamanishwa na ardhi. Pamoja na hizo uko waya wa tatu, wa ethi, uendao ardhini vile vile. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati la friji, umeme hukimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi hukatika mara moja, na nyumba yaingia kiza. Nchi kavu kiza ni jambo dogo. Twawasha mshumaa tukamngoja fundi. Baharini si dogo hata kidogo. Usukani, pampu za kutolea maji, taa za njiani na mitambo ya nahodha, vyote vyategemea umeme, na meli iliyozimika ghafla katika mkondo wenye meli nyingine imekwisha kuwa khatari kwa wote.

Kwa sababu hiyo wahandisi wa meli nyingi wameupanga umeme wa meli kwa namna nyingine. Hawaufungamanishi waya wowote na mwili wa chuma wa meli. Nyaya zote mbili zina moto, tuseme kila mmoja umechukua nusu yake. Mmoja ukigusa chuma, umeme haukatiki: ishara hutokea katika chumba cha mitambo, mafundi wakaanza kutafuta palipoharibika, na meli ikaendelea na safari yake. Ni mpango wa busara sana.

Sasa itazameni ekstensheni ya yule mama. Ndani ya kinga yake mna vidude vidogo, mviringo mfano wa shilingi, vilivyowekwa baina ya nyaya za umeme na ethi. Umeme ukiwa wa kawaida, vidude hivyo huziba njia; ukipanda, huifungua, ili ziada ikamwagike ardhini na friji isiungue. Nyumbani ni kitu chema, nasi hatumkatazi mtu kukitumia. Lakini ndani ya meli, siku waya mmoja utakapogusa chuma mahali pengine, labda jikoni, sitaha tatu chini ya kitanda chako, ule waya wa pili hupanda kutoka nusu hadi kiasi kizima ukilinganishwa na chuma cha meli. Kidude chaweza kudhani kuwa umeme umeruka, kikaufungua mlango. Na kwa kuwa umeme haushuki mpaka fundi atengeneze, mlango haufungwi. Kidude hupata moto, plastiki huyeyuka, kisha huwaka, na yote hayo hutukia nyuma ya godoro au chini ya meza ambako hakuna aonaye. Tena swichi ya ekstensheni nyingi hukata waya mmoja tu. Nchi kavu hilo latosha, lakini melini waya wa pili nao una moto, na chombo ulichodhani umekizima hakikuzimika. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo rasmi juu ya jambo hili mwaka 2013, nalo liliwahusu mabaharia na wenye meli kama lilivyowahusu abiria.

Wako wasemao kuwa kampuni za meli hufanya hivi kwa ubakhili wa umeme. Maneno hayo hayana msingi. Meli kubwa ya abiria hujifulia umeme wake yenyewe, na kwa wingi wa kustaajabisha: mitambo ya Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004, yaweza kutoa megawati zaidi ya 110, ilhali kituo chetu cha Maporomoko Mapya ya Pangani, Tanzania, kimejengwa kwa megawati 68. Chaja ya simu katika bahari ya umeme kama ile haihesabiki. Kinachoogopwa ni moto.

Na moto wa baharini si kama wa mjini. Mjini watu hukimbilia barabarani. Baharini hakuna barabara, na maji yenyewe yanayozima moto yaweza kuwa adui. Mwezi wa Februari 2006 meli iitwayo Al-Salam Boccaccio 98 iliondoka bandari ya Duba katika Saudia kwenda Safaga, Misri. Moto ulishika katika sitaha ya magari. Mabaharia wakaumwagia maji, na maji hayakupata njia ya kutoka. Yakajaa ndani, meli ikalala upande, ikazama usiku katika Bahari ya Sham. Walikuwamo watu zaidi ya 1,400, na waliokufa walikuwa kiasi cha 1,000, wengi wao wafanyakazi wa Kimisri waliokuwa wakirejea kwa watoto wao, na baadhi yao wakitoka Hija. Mola awarehemu. Moto ule haukutokana na ekstensheni, wala hatusemi hivyo. Twautaja ili ijulikane kwa nini nahodha hana mchezo na cheche. Mwezi uliofuata wa mwaka ule ule, katika meli ya Star Princess karibu na Jamaika, moto ulianza katika roshani ya chumba, na wachunguzi waliona kuwa yaelekea chanzo kilikuwa kipande cha sigara. Vyumba vingi viliteketea na abiria mmoja akafa. Kipande cha sigara!

Twarudi kwa ami yetu, kwani hapa ndipo shida ya kweli ilipo. Ami hawezi kulala ila kwa mashine ndogo ya kumsaidia kupumua. Pumzi yake humkatika usingizini, na daktari amemwamuru asilale usiku hata mmoja bila ya mashine hiyo. Katika chumba cha meli soketi huwa chache, aghlabu mbili au tatu, na zote ziko kwenye meza ya kioo. Kitanda kiko upande wa pili, na waya wa mashine haufiki. Mtu mmoja, mcheshi sana, alitufundisha kabla ya safari tuikunje ekstensheni ndani ya kanzu, maana wakaguzi hawapekui nguo za wazee. Ami alikataa. Alisema tiketi tumeikubali pamoja na masharti yake, na hayuko tayari kuvuta pumzi yake kwa waya wa kuficha huku watu 1,000 wamelala chini na juu yake.

Lakini hakukaa akangoja muujiza. Wiki sita kabla ya safari aliiandikia kampuni, akaeleza jina la mashine, umeme inaotumia, na umbali wa kitanda. Tulipoingia chumbani, mtumishi wa chumba alikuwa amekwisha kuleta waya mrefu wa meli yenyewe, uliokaguliwa na mafundi wake na kutiwa alama, pamoja na chupa ya maji safi ya mashine. Ami alilala usiku ule hata tukamwamsha kwa sala ya alfajiri. Kwa hiyo mwenye mgonjwa asinyamaze. Kampuni nyingi huwa na waya za namna hii kwa wenye haja, ila huzitoa kwa aliyeomba mapema. Anayekuja kupiga kelele usiku wa kwanza, wakati zote zimekwisha kugawanywa, atajilaumu mwenyewe. Na jambo jingine dogo: katika meli nyingi taa za chumba haziwaki mpaka kadi ya mlango itiwe katika kijumba chake ukutani, na mahali pengine soketi nazo hufa kadi ikitolewa. Jaribu mapema, mchana, kabla hujamlaza mgonjwa.

Siku ya pili tulikuwa Khasab. Milima ya Musandam ni mikavu, haina mti, imeshuka wima ndani ya maji ya kijani, na pomboo huandamana na majahazi ya wageni kama mbwa wa nyumbani. Ndani ya Khor Sham kipo kisiwa kidogo cha mawe ambacho Waingereza walijenga kituo cha simu ya waya katika miaka ya 1860, kwa ajili ya waya uliolazwa chini ya bahari kuiunganisha Bara Hindi na Basra. Mwaka wa 1864 waya huo ulilazwa. Nchi kavu waya wa simu hutundikwa mtupu juu ya nguzo, na hewa yautosha kuwa kinga. Huu wa baharini ulihitaji kuvishwa utomvu mgumu wa miti ya mashariki ya mbali, kisha nyuzi za katani na chuma juu yake. Makarani waliokaa pale walichomwa na jua miaka michache, kituo kikaachwa, na leo zimebaki kuta. Nahodha wa jahazi alitushusha, tukapanda ngazi za mawe, na ami akauliza mara tatu walikuwa wakipata wapi maji ya kunywa.

Yaliyosalia ni ya kufunga sanduku. Soketi za meli aghlabu ni za Kizungu zenye matundu mawili ya mviringo, volti 220, na za Kimarekani zenye matundu bapa, volti 110; plagi zetu za meno matatu ya mraba hazingii. Chukua adapta ndogo isiyo na waya wala kinga. Adapta hugeuza meno tu, haigeuzi umeme, kwa hiyo soma maandishi ya chaja: ikiwa yasema 100–240, yafaa kote. Badala ya ekstensheni, chukua chaja moja yenye vinywa vinne vya USB, yatosha simu za nyumba nzima, lakini soma kwanza sheria za kampuni yako, kwani hazilingani: ziko zikatazazo ekstensheni za kila namna, na ziko ziruhusuzo zisizo na kinga. Pasi, birika na jiko la umeme viache nyumbani. Najua wako wanaovichukua kwa kukhofia chakula cha meli. Hao waulize juu ya nyama ya halali siku ya kukata tiketi, na maji ya moto yapatikana kila saa.

Msiitegemee dira ya simu kwa kibla chumbani, maana chuma cha meli huipotosha. Tazameni ramani ya safari katika televisheni ya chumba, muone meli yaelekea wapi. Na pawa benki, kwa mwenye kuanza safari yake kwa ndege, hukaa katika mkoba wa mkononi, haitiwi katika sanduku la chini. Ile ya wastani ya mAh 20,000 ni kiasi cha wati-saa 74, nayo iko ndani ya mpaka wa 100 unaoruhusiwa bila ya kuomba ruhusa. Ukifika melini, ichaji mezani ukiwa macho, si juu ya kitanda.