Kidonda Kisichotoka Damu



Katika huduma nimekaa na watoto ambao hawana alama hata moja ya fimbo, lakini wameumizwa. "Wewe ni mzigo." "Huwezi kitu." "Nitakufukuza uende kwa baba yako." Mtoto akisikia hayo kila siku, mwishowe anayaamini.

Angalia dalili. Aliyekuwa mchangamfu ananyamaza. Anakojoa kitandani tena ilhali alishaacha. Anashtuka lango likifunguliwa. Anaomba msamaha hata kwa kosa lisilo lake.

Tafadhali usikimbilie kusema ana pepo. Keti naye, msikilize, mwambie si makosa yake. Usimwahidi kuficha, mwambie utamtafutia msaada. Kisha piga 116, simu ya bure ya watoto, au umwone afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtesa mtoto kisaikolojia, na Wakolosai 3:21 ilishawaonya akina baba wasiwavunje watoto moyo.

Mzazi, nidhamu hurekebisha kosa. Matusi humvunja mtoto. Leo kabla hajalala, mwite kwa jina lake, umwambie unampenda.