Kigawe Kidogo cha Shirika

Abiria atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu ya kwenda Zambia hushuka Makambako, pale njia ya Songea inapochepuka, na ukiwa ni mwezi wa Juni kitu cha kwanza akitafutacho si chakula bali koti. Hapo ndipo aliposhuka mwalimu mmoja wa hisabati kutoka Japani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Njombe ingali wilaya ya Mkoa wa Iringa, kabla ya kuwa mkoa mwaka 2012. Alikuwa mmoja wa Wajapani wa kujitolea ambao nchi yao ilianza kuwaleta Tanzania mwaka 1967, aghalabu kwa miaka miwili miwili. Kwao alikuwa ameambiwa kwamba Afrika ni joto. Usiku wa kwanza alilala na masweta mawili, na jiko la mkaa alilokuwa akiliota mama mwenye nyumba alikuja kulitoa nje kwa mkono wake, kwani hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua.

Kwa salamu hakupata tabu. Wabena huamkiana "Kamwene", na mwanamke amwamkiapo mtu wa heshima hukunja magoti. Mjapani naye huinama. Asubuhi mwalimu aliinama, mama akakunja magoti. Mwalimu akaona haikutosha, akainama zaidi, mama naye akashuka zaidi, hata wakaishia kucheka wote wawili pale uani. Ulimi wake, kama wa Wajapani wengi, haukutenganisha r na l, lakini Njombe hakuna aliyemsuta, maana bara wako wengi wasemao vivyo hivyo. Lau angepelekwa Unguja, angechekwa hadi magharibi.

Tabu ilikuwa darasani. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye aliijua kwa kamusi na wanafunzi waliijua kwa woga. Aliyeteleza akasema Kiswahili alivikwa kibao shingoni. Siku moja mwalimu aliandika swali ubaoni, akauliza, akauliza tena, darasa likanyamaza kama limemwagiwa maji. Kisha msichana wa nyuma akamnong'oneza mwenziwe: "Kumbe ni KDS!" Kigawe Kidogo cha Shirika, jambo walilolimudu tangu shule ya msingi, lilikuwa limewajia kwa jina jingine wasilitambue. Mikono ikainuka darasa zima. Msichana aliyelifumbua swali alimaliza siku ile na kibao shingoni.

Mwalimu hakulielewa jambo hilo, na ni vigumu kumlaumu. Kwao hesabu hufundishwa kwa Kijapani tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu, wala si kwa kuwa lugha ile ilizaliwa na maneno yote ya sayansi. Wafasiri wa karne ya 19 walikaa kitako wakayaunda mengi. Kiswahili nacho kimekwisha kuyaunda: wastani, pembetatu, kipeuo cha pili. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikitaja kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na sekondari bado hufundisha kwa Kiingereza.

Tangu siku ile alianza kuwauliza wanafunzi maneno, jioni, nje ya uzio wa shule ambako kibao hakikufika. Walimpa ya hesabu, wakampa na ya ushairi. Alipowahesabia kwa vidole silabi tano, saba na tano za shairi fupi la kwao, wao walimhesabia mizani nane za utenzi, na akastaajabu kwamba huku nako washairi huhesabu.

Miaka miwili ilipokwisha alipanda basi la Makambako, akaacha daftari lenye safu tatu za istilahi: Kiswahili, Kiingereza na Kijapani. Wanafunzi walilinakili lote, hata safu ya tatu ambayo hakuna mtihani ulioitaka, wakizichora herufi zake polepole kama watu watungao ushanga.