Nilicheka, Babu hakucheka

Mie mpenzi wa picha za vita tangu navaa kaptula. Lakini zile za akina Rambo, bwana! Jamaa mmoja anafyeka jeshi zima na risasi hazimwishii.

Juzi juzi mshikaji akaniazima Band of Brothers, tamthilia ya Kimarekani ya sehemu 10 iliyoanza kuonyeshwa na HBO mwaka 2001. Wakubwa wa kazi ni Tom Hanks na Steven Spielberg. Inafuata kombania moja ya askari wa miamvuli, Easy, toka mazoezini, wanadondoshwa Normandy Juni 1944, mpaka vita inakwisha. Humo hakuna Rambo. Kuna sehemu mganga wa kikosi anazunguka kwenye theluji ya Bastogne akiomba mkasi na dawa ya maumivu kwa wenzake, mahandaki mazima, kama mtu anayekopa chumvi. Wazee wenyewe wa kombania wanatokea wakisimulia, ila majina yao huambiwi hadi sehemu ya mwisho. Kwa hiyo hujui nani atapona. Roho juu!

Jumamosi tulikuwa watatu sebuleni, na Babu kwenye kiti chake. Ikafika sehemu ya tatu. Askari mmoja, Blithe, anapofuka macho kwa woga. Kidonda hana, risasi haijamgusa, haoni tu. Tukaangua kicheko. Mwenzangu akasema huyo angeoa mapema akae nyumbani.

“Rudisha nyuma,” Babu akasema.

Nikarudisha. Akaangalia, hakupepesa.

“Huyo hajifanyi, mjukuu wangu.”

Babu alipigana vita ya Kagera. Medali zake tunazijua, vita yenyewe hajawahi kutusimulia. Usiku ule ndipo akasema. Mwanzoni mwa 1979, njia ya Mutukula, mizinga ilipoanza kuunguruma, kijana mmoja wa platuni yao alikaa chini, miguu ikagoma. Hakuumia popote. Wakamcheka.

“Mimi ndiye nilimbatiza jina. Kiti. Tukamwita Kiti mpaka gari lilipomrudisha nyuma. Sikumwona tena.” Alikuwa na miaka 21 Babu, mdogo kuliko mimi leo.

Washikaji wakaaga mapema. Mimi nikabaki nahangaika na rimoti, maana unamwambia nini mzee?

Mwishoni mwa sehemu hiyo wameandika kwamba Blithe alikufa 1948. Nikapekua kwenye simu, kumbe walikosea! Alipona, akabaki jeshini, akaenda hadi Korea, na alifariki 1967. Kesho yake asubuhi nikampelekea Babu habari hiyo pamoja na chai.

“Shikamoo Babu. Yule kipofu wa jana, kumbe hakufa. Aliendelea na jeshi.”

“Marahaba. Aliendelea?”

“Miaka mingi tu.”

Akakoroga chai muda mrefu, na sukari nilikuwa sijaweka.

“Jioni,” akasema, “uweke hiyo inayofuata. Na wale wenzako waite.”