Mkono Mmoja, Mizani Moja

Kwa miaka 20 nimefundisha Kiswahili hapa Kigoma, na miaka hiyo yote nimekuwa mkali wa vina na mizani. Mwanafunzi akiniletea mshororo wa mizani 15 mahali pa 16, huandika pembeni neno moja tu kwa wino mwekundu: guni. Sikuwahi kujiuliza neno hilo humwingiaje anayelisoma. Mwaka jana zamu ilikuwa yangu.

Nilikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya waogeleaji watu wazima, kundi la umri wa miaka 45 hadi 49, mita 100 kwa mtindo wa chura. Kuogelea nilifundishwa na baba mdogo, mvuvi wa dagaa wa Ujiji, katika Ziwa Tanganyika ambalo kina chake hufikia mita 1,470. Ziwa lina upepo, lina mawimbi, lina mitumbwi ya kukwepa, halina ukuta. Bwawa lina ukuta, na ukuta una sheria yake: katika mtindo wa chura, kila ugeukapo na umalizapo, sharti uguse kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja.

Nilimaliza wa tatu. Nilitoka majini nikitweta na kucheka peke yangu kama mtoto. Kisha karatasi ya matokeo ikabandikwa, na mbele ya jina langu hapakuwa na muda wala nafasi. Mwamuzi alinieleza kwa upole: nilipogeuka mara ya pili, mkono wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukafuata.

Nikarudi kwa treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Njia nzima nilikuwa nikitunga barua ya malalamiko. Kufika Tabora ilikuwa imekamilika, yenye hoja na hasira. Kufika Uvinza nikaisoma upya, nikagundua kwamba hakuna mahali niliposema kuwa mkono wa kushoto uligusa kwa wakati. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa neno la kusema nyumbani. Katika ofisi ya walimu nilitamka, "Nimefutiwa matokeo," pakawa kimya. Kwetu, anayefutiwa matokeo ni mtahiniwa aliyeiba mtihani. Mwenzangu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani ulifanya nini, Mwalimu?" Nikajaribu kusema nimeenguliwa, lakini kuengua ni kuondoa povu juu ya chungu kinachochemka, nami nikajiona povu. Nikasema nimeshindwa, hilo nalo halikukaa sawa, maana niliowatangulia majini nilikuwa nimewatangulia kweli. Usiku nikalikumbuka lile neno la wino mwekundu. Ubeti guni haukuibwa, wala si takataka. Una fikra na una jasho la mtunzi, ila umepungukiwa na kitu kinachohesabika.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alizaliwa hapahapa Ujiji. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofungwa na vina wala mizani, mabishano yalikuwa makali, na nilipokuja kuyasoma nilisimama upande wa sheria bila kusita. Ningewezaje kuitetea sheria karatasini na kuikana majini?

Hata hivyo, kukubali sheria hakuondoi uchungu. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na ulimwengu ukamshangilia. Aliogelea peke yake kwa sababu wenzake wawili, mmoja wa Niger na mwingine wa Tajikistan, waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Siku hizi ninawafikiria zaidi wale wawili. Walikuwa wamesafiri mbali kama yeye, na hawakupewa hata nafasi ya kuchelewa.

Nilipomweleza baba mdogo, aliniuliza, "Maji yalikukataa, mwanangu?"

"Hapana, baba. Ukuta."

"Basi kajifunze ukuta. Maji unayajua."

Jumamosi iliyofuata aliushikilia mtumbwi wake karibu na ufuko, mimi nikaogelea kuuendea ubavuni, nikiugusa kwa mikono miwili, nikigeuka, nikirudi tena. Mtumbwi ulisogea kila mara, mbao zikanichubua vidole, na kila mkono mmoja ulipotangulia aligonga ubao kwa kafi. Aligonga mara nyingi.

Jumatatu nilimwita binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye mwezi uliotangulia nilimrudishia shairi lake na lile neno moja. Tuliketi chini ya mwembe tukahesabu pamoja, mshororo kwa mshororo. Mizani iliyopungua ilikuwa moja tu. Aliipata mwenyewe, akaniangalia kana kwamba anauliza kwa nini sikumwonyesha siku ile. Sikuwa na jibu zuri.

Nimefuta kile kiwino chekundu, na mahali pake nimeandika ubeti huu, nilioupima mara tatu:

Naliogelea mbali, nikaugusa ukuta,
Mkono mmoja kweli, wa pili ukajivuta,
Hesabu haikubali, hata moyo ukiteta,
Guni si mtu, ni hali, mizani nitaipata.