Bei Rahisi, Risasi Ghali

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye nyama choma pale Burma, kijana wa dada yangu alikuwa akiwasomesha wenzake juu ya bunduki. Anajua Ceska, anajua G3, anajua AK. Anajua hata mlio wa kila moja, maana mtoto wa Eastlands huisikia usiku, na asubuhi yake wanabishana kwenye kituo cha matatu ilikuwa ipi. Nikamwambia kwamba kiwanda kinachotoa Ceska, kule Uherský Brod, Chekoslovakia ya zamani, ndicho kilichotoa Brno, bunduki ya kuwindia nyati, na kwamba mtu mmoja aliyeijua Brno ndani nje aliishi hapo ng'ambo, Kaloleni. Akacheka. "Anko, kwani Kenya watu walikuwa wanawinda?"

Hapo nikaweka mfupa chini.

Simlaumu sana. Uwindaji ulipigwa marufuku tarehe 19 Mei 1977. Tarehe hiyo nimeihakikisha, maana kichwani mwangu nilichokuwa nacho ni mvua na viatu vipya vilivyoharibika Jogoo Road. Lakini inaniudhi kwamba mtu anaweza kumaliza shule zote za mji huu, akapanda gari la kuangalia simba kwenye Mbuga ya Nairobi, na asiambiwe hata siku moja kwamba nusu karne iliyopita kulikuwa na wanaume Kaloleni, Shauri Moyo na Makongeni waliolisha watoto wao kwa kazi ya kumfuata nyati kichakani.

Yule mtu wa Brno, Baba Mkubwa wangu, alikuwa mbeba bunduki. Watu hudhani ni hamali. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea hatua moja nyuma ya mzungu aliyelipa, au nyuma ya mwindaji aliyemwongoza huyo mzungu, ukiwa na bunduki ya pili imejaa, na mambo yakiharibika uitoe mkononi mwako iingie mkononi mwake, upande unaofaa, bila yeye kugeuza macho. Halafu ubaki umesimama. Kukimbia kulimaliza kazi yako siku hiyo hiyo, na habari zilifika Nairobi kabla yako. Alitoka Kitui akiwa kijana, baba yake akiwa mwindaji wa mshale na sumu, kazi ambayo serikali ya wakati ule iliiita ujangili. Mwana akabeba chuma cha mgeni, na hilo likaitwa safari. Hakuwahi kulilalamikia jambo hilo mbele yetu. Alilitaja tu, kama mtu anayetaja kimo cha mlima.

Alikuwa akirudi nyumbani baada ya wiki tatu, nne, wakati mwingine miezi. Tulimjua kwa harufu kabla hajabisha hodi. Kulikuwa na moshi, turubai lililolowa, ngozi iliyopakwa chumvi, na juu ya vyote hivyo harufu tamu ya ndizi mbivu iliyokuwa ikitutatiza sisi watoto, kwa sababu ndizi zenyewe hazikuwako. Tulipekua mfuko wake tukakosa. Ilikuwa dawa ya Kimarekani ya kusafishia mtutu, Hoppe's, ambayo kweli hunukia ndizi, na ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za koti lake la kaki hata sabuni ya Mama Mkubwa haikuiweza. Mpaka leo nikipita Gikomba penye mafungu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, ninachokiona ni mikono yake. Zamani zaidi, alisema, kabla ya dawa hizo, walichemsha maji na kuyamimina ndani ya mtutu kwa birika, maana fataki za risasi za wakati huo ziliacha chumvi iliyokula chuma usiku mmoja. Aliyechoka akalala bila kuchemsha maji aliamka bunduki ya bosi wake imeshika kutu.

Na mifuko. Kabla ya kupanda basi kuja nyumbani, pale kwenye godown la kampuni, aliigeuza mifuko yake yote nje, ya suruali na ya koti, mbele ya mtu yeyote aliyekuwapo. Wakati wa Emergency, enzi za Mwingereza, risasi moja mfukoni mwa Mwafrika ilitosha kumpeleka kwenye kitanzi, na yeye alikuwa mtu aliyeshika risasi kutwa. Uhuru ulikuja, bendera ikapanda, na mifuko iliendelea kugeuzwa. Nimemwona mwenyewe akifanya hivyo mlangoni petu mwaka 1970 au 1971, akitoka Isiolo, na hakuna aliyekuwa akimtazama ila mimi.

Sasa hii habari ya kuchagua bunduki. Wageni matajiri walikuja na zao, zile za mitutu miwili za London, Holland & Holland na wenzake, zilizochorwa maua kwenye chuma, bei yake nyumba. Lakini Nairobi ilikuwa na watu wengine: vijana wa kizungu walioanza kujifunza kazi ya uwindaji, wakulima wa Nanyuki, baadaye maofisa wa Kiafrika wachache waliopata laiseni. Hao hawakuwa na pesa za London. Walitaka bunduki moja ya bolti, ile unayoinua mkono wake, unavuta nyuma, unasukuma mbele, iwatoshe kwa kongoni na kwa nyati pia. Na wengi wao, kabla ya kulipa, walimuuliza mbeba bunduki. Walimuuliza pembeni, kwa Kiswahili, ili wenzao wasisikie.

Mara moja, likizo ya shule, alinipeleka kwa fundi wake, Kalasinga mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya maduka karibu na Biashara Street. Ukuta mmoja wote ulikuwa vitako vya mbao visivyo na mitutu, na mezani tupa za kila kipimo zimepangwa kwa ukubwa. Fundi alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Alimwita Baba Mkubwa "mzee" ingawa yeye ndiye aliyekuwa na mvi, na Baba Mkubwa akamwita "bwana fundi." Kulikuwa na kijana wa kizungu pale, mweupe hata shingoni, ameshika bunduki kuukuu ya Kiingereza yenye risasi nene kama kidole gumba, anafurahi kwamba ameipata kwa bei ya kutupa.

"Bei rahisi," fundi akasema, "risasi ghali."

Baba Mkubwa akaongeza kwamba ghali ni afadhali, shida ni zikikosekana. Kynoch, kampuni ya Uingereza iliyolisha bunduki hizo kubwa, miaka ya 1960 ilikuwa ikiacha kuzitengeneza risasi zake moja baada ya nyingine, na ndiyo maana zilikuwa zikiuzwa kama nguo za marehemu. Bunduki isiyo na risasi Nairobi ni fimbo nzito. Kwa hiyo ushauri wake wa kwanza kwa mwenye mkono mfupi haukuhusu bunduki hata kidogo: nenda kwenye rafu za duka, tazama risasi gani zimejaa vumbi na gani zinaisha na kuletwa tena. Jibu lilikuwa .375 ya Holland & Holland, ya tangu 1912, ambayo kila mtu alitengeneza risasi zake na kila duka liliweka. Wamarekani walikuwa wameleta .458 mwaka 1956, nene zaidi lakini fupi, ili iingie kwenye bunduki ya kawaida isiyohitaji mwili mrefu wa gharama. Wazo zuri. Ila baruti nyingi ilishindiliwa kwenye ganda dogo, na nyingine zilipokaa ziligandamana zikawaka nusu. Baba Mkubwa alishuhudia risasi ya namna hiyo ikimfikia ndovu bila nguvu. Hakuisimulia mbele ya watoto, lakini nyumba za Kaloleni kuta zake tulizijua.

Halafu kutema na kumeza. Fundi alikuwa na risasi za bandia, maganda matupu yenye vichwa, za kujaribia tu. Baba Mkubwa alizijaza kwenye bunduki, akaigeuza juu chini, tumbo likatazama dari, akakoki polepole sana, akasita katikati, akarudisha, akasukuma. Kama risasi ilianguka sakafuni, alimrudishia mwenye bunduki bila neno. Mauser za zamani zina kucha ndefu ya chuma inayoikamata risasi kitakoni pale tu inapotoka kwenye magazini, kwa hiyo hata ukiwa umelala chali na mnyama yuko juu yako, risasi inaongozwa mpaka ndani na ganda linatolewa nje. Winchester nao walikuwa na kucha hiyo kwenye Model 70, mpaka mwaka 1964 walipoiondoa ili kupunguza gharama. Wawindaji walikasirika, na bunduki za kabla ya 1964 zikapanda bei. Hapo ndipo Brno ilipopata njia. Ile ZKK 602 ilikuwa na mwili mrefu na kucha ya Mauser, ilibeba .375 au .458, na haikuuzwa kwa bei ya Mwingereza. Sura yake nzito, mbao zake hazina mvuto. Wazungu wengine waliidharau kwa sababu ilitoka kwa wakomunisti. Baba Mkubwa aliipenda kuliko zote, isipokuwa kwa jambo moja: sefti yake ilikuwa kinyume. Kwenye bunduki nyingi unaisukuma mbele ili upate kufyatua. Hii uliivuta nyuma. Mtu aliyezoea nyingine, siku ya siku, kidole chake kingesukuma kwa mazoea na bunduki ingekaa kimya. Kwa hiyo alimwambia yule kijana: chukua Brno, halafu mlipe bwana fundi aigeuze sefti kabla hujaondoka mjini, hata kama utalala njaa.

Kijana alichukua ile ya Kiingereza. Ilikuwa nzuri kwa kuitazama.

Si kwamba bolti ilikuwa ya maskini peke yao. Harry Selby, aliyetukuzwa na mwandishi Robert Ruark kwenye kitabu chake cha 1953, bunduki yake ya mitutu miwili ilikanyagwa na gari, akaingia May & Co. hapa Nairobi mwaka 1949 akachukua iliyokuwapo, .416 ya Rigby, ya bolti. Akaitumia miaka na miaka. Bunduki hiyo sasa imerudi London kwa kampuni ya Rigby wenyewe na ina historia yake iliyoandikwa, nani aliinunua, nani aliirithi. Kila chombo cha namna hiyo kinachopigwa mnada leo huja na karatasi ya mwenyewe. Mtu aliyeibeba kilomita ishirini kwa siku, akaifuta umande asubuhi na akajua ni wapi mbao zimepasuka, hayumo kwenye karatasi.

Baba Mkubwa hakumiliki bunduki hata siku moja. Kabla ya Uhuru, Mwafrika mwenye laiseni alikuwa wa kuhesabika. Baada ya Uhuru sheria ilimfungulia, na bei ikamfungia. Niliwahi kumuuliza angenunua ipi. Alijibu haraka mno, nikajua alishachagua zamani: Brno, .375, ya mkono wa pili, mbao zimechakaa, mtutu safi. "Ya mtu mvivu," alisema. "Amepiga risasi chache."

Uwindaji wa ndovu ulisimama 1973, na miaka minne baadaye ukasimama wote. Mimi sitetei kurudishwa kwake. Nimeona hesabu za ndovu, takriban 167,000 mwaka 1973 na kama 16,000 mwaka 1989, ingawa hao waliuawa na watu wasioomba laiseni. Ninachokasirikia ni kwamba wenye kampuni walikuwa na pa kwenda, Sudan, Botswana, Zambia, na wabeba bunduki, wasaka nyayo na wachuna ngozi walibaki mtaani na barua. Safari za kamera zilitaka dereva anayejua Kiingereza. Hazikuwa na kazi ya mtu anayejua nyati amepita saa ngapi kwa kutazama majani. Baba Mkubwa akawa askari wa usiku Industrial Area, na rungu na tochi. Wezi walikuja mara mbili. Mara zote mbili, alisema, aliwasikia mapema kuliko walivyodhani, akahama upande wa upepo.

Miaka ya 1980 ilipita hivyo. Ya 1990 ikaja na risasi za usiku. Alilala macho wazi akizihesabu kwa mlio, na asubuhi akatuambia mpigaji ana haraka, hajui kungoja. Brno haikusikika Eastlands kamwe. Ceska ndiyo iliyokuja, ndogo, ya kufichika kiunoni, ya polisi kwanza na kisha ya yeyote. Fundi alishahamia Uingereza. Kibanda chake kikawa duka la simu, kisha la nywele, sasa sijui. Baba Mkubwa alifariki kabla ya watoto hawa kuzaliwa. Kaloleni viwanja vya mbele vimejazwa mabati, na kila mwaka kuna mtu na ramani ya maghorofa.

Alichoacha ni ufito wa shaba wa kusafishia mtutu, vipande vitatu vya kuunganishwa. Mama Mkubwa anao mpaka leo. Mfereji wa maji machafu nyuma ya nyumba huziba, wanaohusika huitwa na hawaji, naye hutoka na ule ufito, anaunganisha vipande, anasukuma mpaka maji yapite. Kijana wa dada yangu alipoambiwa kazi yake ya kwanza aliomba apewe akauweke ukutani. Mama Mkubwa akamtazama. "Ukutani utazibua nini?"